Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa halmashauri na waganga wakuu wa wilaya: hesabuni na watoto waliorudishwa

Ndugu Wakurugenzi wa Halmashauri, Waganga Wakuu wa Wilaya na Waratibu wa Chanjo,

YAH: WATOTO WANAOFIKA KLINIKI NA KURUDI NYUMBANI BILA CHANJO

Salamu kwenu nyote. Barua hii inatoka kwa watoa chanjo wa zahanati na vituo vya afya, pamoja na mafundi wanaotunza majokofu ya chanjo. Hatuombi semina nyingine ya kuhamasisha wazazi. Akina mama wamehamasishwa vya kutosha na wengi wao wanakuja. Tunazungumzia waliokuja, wakapanga foleni, mtoto akapimwa uzito, kadi ikaandikwa, halafu wakaambiwa: "Mama, surua leo hatufungui, watoto hawajatimia. Rudi Jumatano."

Hilo neno "hawajatimia" wote mnalijua linakotoka. Kichupa cha surua-rubella kina dozi 10. Chanjo yenyewe ni unga mkavu. Ukishauchanganya na maji yake, unakaa saa 6 tu au mpaka kliniki ifungwe, lolote litakalotangulia, kisha kilichobaki kinatupwa. BCG, chanjo ya kifua kikuu, ni hivyo hivyo, tena kichupa chake ni cha dozi 20. Mtoa chanjo mwenye watoto wawili kwenye benchi anaziona dozi nane zikienda na maji, na anajua mwisho wa mwezi ataulizwa kiasi cha upotevu. Kuhusu wale watoto wawili hakuna atakayemuuliza. Dozi iliyomwagwa ina safu yake kwenye ripoti, mtoto aliyerudishwa hana. Basi mtumishi anafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: analinda safu inayosomwa.

Shirika la Afya Duniani halina kigugumizi juu ya jambo hili. Kichupa cha surua kifunguliwe hata kama mtoto ni mmoja. Upotevu wa chanjo za unga ni mkubwa kuliko wa chanjo za maji na mipango ya ugavi inauhesabu tangu mwanzo. Lakini agizo hili likifika zahanati linakuta agizo jingine, lisiloandikwa popote, linalosema "msipoteze dozi". Hilo lisiloandikwa ndilo linalotiiwa.

Tupige hesabu ya zahanati moja ya kawaida inayohudumia watu 5,000. Kwa kiwango cha vizazi 35 kwa kila watu 1,000, huzaliwa watoto kama 175 kwa mwaka, yaani 14 au 15 kwa mwezi. Kila mtoto anatakiwa kupata surua-rubella mara mbili, akiwa na miezi 9 na akiwa na miezi 18. Hizo ni sindano 29 hivi kwa mwezi. Zahanati ikiweka siku moja ya surua kila wiki na siku hiyo ikajulikana kijijini, itafungua vichupa vinne, itachanja watoto saba kila siku hiyo na kumwaga dozi 11 kwa mwezi. Sasa tuseme kila wiki atatokea mtoto mmoja nje ya siku yake, ametoka kitongoji cha mbali au ameletwa kwa sababu anaharisha, naye akafunguliwa kichupa chake. Vitaongezeka vichupa vinne kwa mwezi. Kichupa cha dozi 10 kinachonunuliwa kupitia UNICEF hakifiki dola 10. Kwa hiyo gharama ya kutomrudisha mtoto yeyote, kwa zahanati nzima, haifiki dola 40 kwa mwezi. Linganisheni na mafuta ya magari siku nne za kampeni ya surua.

Na kampeni zenyewe zinatokana na nini? Chanjo ya surua ya miezi 9 hukinga watoto kama 85 kati ya 100 waliochanjwa. Si kwamba ni mbovu. Katika umri huo baadhi ya watoto bado wana kinga waliyorithi kwa mama, na kinga hiyo huiua chanjo kabla haijaufundisha mwili. Ndiyo sababu kuna dozi ya pili. Zahanati inayochanja watoto 90 kati ya 100, na mgeni wenu yeyote wa ukaguzi ataisifu, imewakinga 76 au 77 kwa dozi hiyo ya kwanza. Kwa vizazi vyetu 175, wanaobaki bila kinga ni watoto 41 kila mwaka. Baada ya miaka minne na ushee, watoto wasio na kinga wanafikia idadi ya watoto wote wanaozaliwa hapo kwa mwaka mzima. Surua haihitaji kuni zaidi ya hizo. Mahali ambapo hakuna aliyekingwa, mgonjwa mmoja huambukiza wengine 12 hadi 18, na ili isiweze kusambaa inabidi watoto 95 kati ya 100 wawe wamepata dozi zote mbili. Yaliyotokea Mpimbwe mkoani Katavi mwaka 2022, watoto wakafa kwa surua, mnayakumbuka. Februari 2024 nchi nzima ilifanya kampeni ya siku nne kwa watoto wa miezi 9 hadi miezi 59. Kampeni ni nzuri. Ila ni kama kukinga paa linalovuja kwa ndoo: ndoo itajaa tena.

Dozi ya pili ndiyo inayoumia zaidi. Mtoto wa miezi 18 ni mzito, anatembea, hana tena tatizo linalomleta kliniki kila mwezi, na mama pengine ana mimba nyingine. Huyu ukimrudisha mara moja umempoteza. Wa wiki 6 anaweza kurudi wiki ijayo kwa kuwa mama bado yuko karibu na kliniki. Wa miezi 18 harudi.

Tunajua jibu mtakalotupa: basi waunganishwe, zahanati zote zifungue siku moja kwa mwezi, vichupa vijae. Hapana. Siku moja kwa mwezi ikiangukia mvua, msiba au mnada, mtoto anasubiri siku 30 nyingine. Tunachoomba ni siku maalumu moja kila wiki, ibandikwe mlangoni na kutangazwa na mtendaji wa kijiji, pamoja na waraka wenye saini na muhuri unaosema kwamba nje ya siku hiyo kichupa kitafunguliwa kwa mtoto mmoja na mtumishi hataulizwa. Bila saini yenu haitatekelezwa. Mtumishi wa zahanati haishi kwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani kutoka Geneva, anaishi kwa kauli ya mkubwa wake wa wilaya.

Kwa zahanati ndogo kabisa kuna njia nyingine inayopaswa kufikishwa Wizarani kupitia mikoa: vichupa vya dozi 5. Vipo, na vimethibitishwa ubora. Bei ya dozi moja iko juu kidogo na vinahitaji nafasi zaidi kwenye jokofu, hilo tusilifiche. Lakini jirani zetu Zambia walivijaribu kwenye wilaya kadhaa, upotevu ukapungua na watoto waliochanjwa wakaongezeka, maana mkono wa mtoa chanjo haukusita tena.

Kuna jambo moja ambalo hatutaki lieleweke vibaya. Kufungua kichupa kwa mtoto mmoja hakumaanishi kukitunza kilichobaki hadi kesho. Presha ya kubana upotevu ikizidi, mtu mwingine atakirudisha kwenye jokofu, na hapo tunatoka kwenye hasara ya dola chache na kuingia kwenye kifo. Mwaka 2017 huko Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walifariki baada ya kampeni ya surua: bomba moja la sindano la kuchanganyia lilitumika siku nne mfululizo na chanjo ilikaa bila ubaridi, bakteria wakazaliana humo. Chanjo za surua na BCG hazina dawa ya kuzuia vijidudu. Vichupa vya penta (chanjo moja ya magonjwa matano, kikiwemo kifaduro), polio ya matone na pepopunda vikishafunguliwa vinaweza kutumika hadi siku 28, iwapo vimetunzwa kwenye ubaridi wake na havijaisha muda. Watumishi wapya huzichanganya kanuni hizi mbili. Kila kichupa cha unga kikifunguliwa kiandikwe saa kwa kalamu ya wino, na kiwe na bomba lake jipya la kuchanganyia.

Maji ya kuchanganyia nayo si maji tu. Ya surua ni ya surua, ya BCG ni ya BCG, ya kiwanda kile kile kilichotengeneza unga, na yawe yamelala kwenye jokofu tangu jana yake, kwa sababu maji ya moto wa chumbani yanaiua chanjo hai pale pale inapochanganywa. Bohari ya wilaya ikitoa vichupa 20 vya unga na vichupa 12 vya maji, imetoa chanjo 12. Vile vinane ndivyo vinavyomtia mtumishi majaribuni kutafuta maji mengine kabatini. Huko Samoa mwaka 2018 wauguzi wawili walichanganya chanjo ya surua na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake na watoto wawili wakafa. Chanjo ikasimamishwa kwa miezi, watu wakaiogopa, na mwaka uliofuata surua ikaingia visiwani ikaua watu 83. Tunaomba karani wa bohari asitoe unga bila maji yake na mabomba yake kwa idadi ile ile. Hili halihitaji bajeti.

Tumesema mengi juu ya dozi zinazomwagwa. Upotevu unaotutisha sisi mafundi ni wa chanjo zinazoingia kwenye paja la mtoto zikiwa zimeshakufa, na huo hauna safu kabisa.

Watu wengi wanaogopa joto. Joto lina alama yake: kimraba kilicho ndani ya duara kwenye lebo ya kichupa huanza kikiwa cheupe na huzidi kuwa cheusi kadiri joto linavyokipata, kikilingana rangi na duara au kikilizidi, kichupa kinatupwa. Kugandishwa hakuna alama. Penta, nimonia, pepopunda, polio ya sindano na chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi zote huharibika zikiganda, na kile kimraba kitabaki cheupe kama siku ya kwanza. Kichupa kilichoganda usiku wa manane kikayeyuka saa mbili asubuhi kinaonekana kizima. Mtoto anachomwa, anapata homa kidogo, kadi inajazwa, takwimu inapanda, na kifaduro kinamkuta kama hakuwahi kuchanjwa.

Kinagandia wapi? Mara nyingi si kwenye jokofu, ni kwenye kibebeo cha chanjo siku ya huduma ya mkoba, tunapowafuata watoto vijijini. Vipande vya barafu vinatolewa kwenye friza vikiwa mwamba, vinapangwa kwenye kibebeo, chanjo inawekwa juu yake, pikipiki inaondoka. Barafu iliyotoka friza ina baridi chini ya nyuzi sifuri na inagandisha kichupa cha penta kinachoigusa. Utaratibu sahihi ni kuvipanga vipande mezani, visigusane, na kusubiri. Kwanza vinatoa ukungu mweupe, kisha vinaanza kutokwa jasho. Unachukua kimoja unakitikisa karibu na sikio: ukisikia maji yakicheza ndani, barafu ikigongagonga, ndipo kiko tayari. Inaweza kuchukua dakika 45 na zaidi asubuhi ya baridi ya Mbeya au Makete. Ni dakika hizo ambazo dereva anapiga honi nje. Siku hizi kuna vibebeo vyenye ukuta wa ziada ndani ambavyo havigandishi hata barafu ikiwa mwamba. Halmashauri inayonunua vibebeo vipya isinunue vile vya zamani kwa kuwa ni nafuu.

Penta ikishukiwa, kipimo kipo na hakina gharama. Unachukua kichupa cha toleo lile lile, unakigandisha kwa makusudi usiku kucha, unakiyeyusha na kukiandika "kimegandishwa" ili kisitumike. Kisha unakitikisa pamoja na kile unachokishuku, unaviweka sambamba juu ya meza na kuvitazama kwa nusu saa. Kilichoganda kina vipande kama maziwa yaliyokatika, vinashuka haraka na juu panabaki maji maangavu. Kizima kinabaki na ukungu wake. Vikishuka sawasawa, tupeni shehena yote iliyokuwa pamoja nacho. Mtumishi atakayefanya hivyo na kuripoti dozi 60 zilizotupwa apewe pongezi, maana ameokoa watoto 60 na chanjo hewa.

Kuhusu majokofu tutakuwa wafupi. Kipimajoto cha kielektroniki cha siku 30 huonyesha alama ya hatari ubaridi ukishuka chini ya nyuzi 0.5 chini ya sifuri kwa saa moja, au joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10. Kisomwe asubuhi na jioni, Jumamosi na Jumapili pia. Karatasi ya joto yenye namba "4" kila siku, kwa mwandiko mmoja na wino mmoja, imejazwa siku ya ukaguzi na ninyi mnajua. Jokofu la gesi lisilo na mtungi wa akiba ni jokofu la muda, kwa sababu gesi haina mazoea ya kuisha Jumatatu asubuhi. Na jokofu la sola lisilo na betri linategemea jua la siku ile ile: mwarobaini uliopandwa miaka sita iliyopita sasa unatia kivuli kwenye paneli kuanzia saa tisa alasiri. Kateni tawi. Tumeshaona maombi ya jokofu jipya pale ambapo panga lingetosha.

Liko pia kundi la watoto wanaorudishwa kwa sababu zisizo za kichupa. Mtoto ana mafua, anarudishwa. Ana kikohozi au joto kidogo, anarudishwa. Amekonda, anarudishwa, ilhali mtoto mwenye utapiamlo ndiye ambaye surua inamuua haraka zaidi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayozuia chanjo. Kwa kawaida anayestahili kuahirishwa ni mtoto mgonjwa kiasi cha kulazwa; aliyepata mzio mkali kwenye dozi iliyotangulia hapewi tena chanjo hiyo. Na mtoto aliyechelewa miezi minne haanzi upya: anaendelea pale alipoishia, dozi za penta zikiachana angalau wiki 4. Wa wiki 14 mwenye sindano tatu siku moja anachomwa zote siku hiyo, penta paja la kushoto, nimonia na polio paja la kulia zikiachana sentimita mbili na nusu. Kumwambia mama "moja tutamalizia wiki ijayo" ni huruma inayomgharimu mtoto.

Mwisho kuna suala la chanjo ya mafua makali, yaani influenza, ambalo wazazi wa mijini wameanza kutuuliza kwa kuwa wanasikia watoto wa Ulaya na Marekani wanachomwa kila mwaka. Ni swali halali. Watoto wa miezi 6 hadi 59 wamo katika makundi ambayo influenza huwapiga vibaya. Chini ya miezi 6 hakuna chanjo yake, kwa hiyo mtoto hukingwa kwa kumchanja mama akiwa mjamzito. Anayeanza hupewa dozi mbili zilizoachana wiki 4, halafu kila mwaka arudie, kwa sababu kirusi hubadilika na mchanganyiko wa chanjo hupangwa upya mara mbili kwa mwaka, Februari kwa kaskazini na Septemba kwa kusini. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna majira ya baridi yanayoeleweka, kirusi huzunguka karibu mwaka mzima, hivyo hata swali la mwezi gani wa kuchanja si jepesi. Kenya, kamati yao ya wataalamu ilipendekeza mwaka 2016 watoto wa miezi 6 hadi 23 wapewe. Kwetu haimo kwenye ratiba ya kawaida, na sisi hatutaidai leo. Wizara ianze kwa wajawazito na watumishi wa afya pale uwezo utakapopatikana. Kwa sasa kifua cha mtoto wa Kitanzania kina chanjo tatu ambazo zimo jokofuni tayari: penta yenye kinga ya kifaduro na ya bakteria wa Hib, chanjo ya nimonia, na surua, ambayo nimonia yake ndiyo huua. Mzazi anayeulizia influenza huku kadi haina penta ya tatu aonyeshwe kadi kwanza, kwa upole.

Maombi yetu kwenu, basi, ni haya. Waraka wa kufungua kichupa utoke kabla ya robo mwaka ijayo. Mtungi wa pili wa gesi na matengenezo ya majokofu viingie kwenye mpango wa afya wa halmashauri kama mstari unaojitegemea, visifichwe ndani ya "uendeshaji" ambako hukatwa kwanza. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii apewe kila mwezi orodha ya majina ya watoto waliofikisha miezi 18 bila dozi ya pili, kitongoji kwa kitongoji, kutoka kwenye rejesta ambayo tayari ipo. Na kwenye fomu ya ripoti ya mwezi, pembeni ya safu ya dozi zilizomwagwa, ichorwe kwa rula safu nyingine: "Watoto waliofika na kuondoka bila chanjo, na sababu." Tutaijaza kwa ukweli hata kama namba zitatuaibisha. Mkitaka kuanza wiki hii bila fomu mpya, pigeni simu zahanati yoyote ya wilaya yenu siku isiyo ya surua, ulizeni kama mtoto wa miezi 9 akiletwa sasa hivi atachanjwa.

Ni sisi,
Watoa chanjo na mafundi wa mnyororo baridi